Kichwa Kilichobaki Kwa Samaki

Kiti changu cha karibu na dirisha pale makumbusho mmeshakigombania, habari nimezipata. Atakayekishinda akumbuke kwamba mguu wake wa nyuma umefungwa kwa waya, asiegemee. Hilo ndilo fundisho la kwanza katika maandishi haya na huenda ndilo pekee litakalomfaa mtu. Yaliyobaki ni habari za mawe na mwisho wake si mwema. Nasema mapema ili mwenye moyo mdogo aishie hapa.

Wengi wenu mmenikuta nimeinamia lenzi, sindano mkononi, nikisafisha visukuku chembe kwa chembe, mkadhani nilizaliwa ndani ya chumba kile. Nilizaliwa Msambweni, nyuma ya msikiti, na siku yangu ya kwanza kazini nilipakiwa nyuma ya gari pamoja na magunia ya plasta, nikapelekwa nchi kavu iliyo kati ya Kinango na Mackinnon Road, ambako sikuwa na jamaa hata mmoja. Mama alinifungia mkate wa sinia na kaimati kana kwamba nakwenda kuhiji. "Mwanatumu," akaniambia, "watu husoma ili waepukane na kuponda mawe. Wewe umesoma ndipo ukaenda kuyaponda."

Mahali penyewe palikuwa korongo kavu, kingo zake za mawe ya kijivu yaliyopangika tabaka juu ya tabaka, membamba kama chapati zilizorundikwa. Sisi wa kazini tulipaita Kwa Samaki. Zama za kale mno, kabla ya wale mijusi wakubwa mnaowaona katika vitabu vya watoto, wakati wanyama watambaao ndio kwanza walikuwa wakiizoea dunia, mkono wa bahari uliingia mpaka huko. Tope likatua taratibu, likafunika samaki na vijidudu vya maji, likashindiliwa, likawa jiwe. Leo ukisimama pale hupati hata harufu ya bahari, mbuzi wanahangaika kutafuta jani la kutafuna, lakini pasua jiwe utamkuta samaki na magamba yake. Mimi mtoto wa Msambweni nilikwenda kwenye ukame kumwona samaki niliyestahili kumwamkia.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Nyawa, Mduruma wa huko huko, msimamizi wa wachimbaji. Zamani alikuwa kibarua wa reli pale Mackinnon Road, na mpaka anazeeka alitembea kwa hatua fupifupi za mtu aliyezoea kukanyaga mataruma.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Umekuja kutupikia?"

"Nimekuja kufanya kazi ya mawe."

Akaitazama mikono yangu, iliyokuwa bado na hina ya harusi ya dada yangu. "Haya," akasema. "Hina hutoka."

Yeye ndiye aliyenifunza, si wale waliotia sahihi vyeti vyangu. Jiwe la Kwa Samaki hulipigi, unalibembeleza. Unalisimamisha kwa ubavu, unaweka patasi pana kwenye mstari wa tabaka, unagonga kidogo, kisha unasikiliza. Likitoa sauti nzito, bado halijataka. Likilia wazi, limekubali, nalo hufunguka pande mbili. Upande mmoja mnyama ametokeza, wa pili ameacha alama yake. Mzee Nyawa aliziita pande hizo mume na mke, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hawaachani. Kabla hujamtazama samaki wako, kabla hujamwita mtu aje kushangaa nawe, unawarudisha uso kwa uso na kuwafunga kwa kamba ya katani. Kushangaa utashangaa baadaye.

Mimi, kwa ugeni wangu, nilimfungua samaki mmoja mzuri nikapiga vigelegele, upande mmoja nimeushika, wa pili nimeubwaga chini. Mzee akaja polepole.

"Huyu mume nimemwona," akasema. "Mke yuko wapi?"

Nikageuka. Chini kulikuwa na mawe bapa tele, yote yamefanana kama ndugu. Tulimtafuta mpaka vivuli vikarefuka, na wachimbaji walinicheka msimu mzima, wakiniuliza mwanamke nimepata wapi ruhusa ya kutoa talaka.

Sheria yake ya pili ilikuwa kufukia. Msimu ukiisha, mtu haweki mguu garini kabla udongo wote uliotoka shimoni haujarudishwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya kuudhi, maana msimu unaofuata tuliuchimba upya udongo ule ule. Vijana wa chuo waliokuja kujifunza waliguna. Mzee Nyawa hakujali. "Udongo ndio uliomtunza kabla hata ya babu yako," aliwaambia. "Wewe mwezi mmoja umekushinda."

Sasa nifike kwenye habari ya mjusi, ambaye mkia wake mmeusafisha vumbi kila mwaka.

Asubuhi moja Mzee Nyawa aligonga jiwe, likalia, akalifungua, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kazini. Alikaa chini. Tulimkimbilia. Jiweni kulikuwa na mkia mrefu uliobanwa bapa kama wa mnyama aogeleaye, miguu ya nyuma yenye vidole vyote, kiuno na mbavu. Mifupa yenyewe ilikuwa imekwisha kuyeyuka, ikaacha uvungu wenye umbo lake kamili, hata ukimimina humo mpira wa majimaji na kuusubiri ukauke, unabandua nakala ya mfupa. Mwili ulielekea kwenye ukingo wa korongo, na shingo ikapotelea ndani, chini ya mwamba na udongo wa kimo cha nyumba.

Wageni katika kazi hii niwaeleze, wenyeji mnivumilie. Mkia ni mkia tu. Kichwa ndicho kinachosema mnyama huyu ni nani, alikula nini na jamaa zake ni akina nani. Tulikuwa na mnyama wa bahari ya kale, pengine hakuna mwingine wa aina yake popote, naye alikuwa amezika uso ukutani kama mtoto aliyenuna. Jiwe lilikuwa na ufa ulionyooka pale shingoni, na mshipa wa kutu ukiukata kwa mshazari. Tulitoa sehemu ya nyuma mpaka kwenye ufa, tukaifunga kwa plasta na magunia, ikaja kukaa katika droo mnayoijua. Kichwa tulikiacha, kwa kuwa ukingo ungetuangukia.

Msimu uliofuata hatukuwa na kazi nyingine ila kuuondoa ukingo ule. Wachimbaji wote, sururu na karai, wiki baada ya wiki, vumbi mpaka ndani ya uji. Tuliondoa udongo, tukaondoa mwamba mbovu wa juu, mpaka tabaka letu likalala wazi, pana kama ua wa msikiti, tumelifagia kwa mifagio ya makuti niliyoitoa nyumbani. Nimekanyaga sakafu za marumaru katika maisha yangu. Sijaona iliyonifurahisha kama ile. Ilibaki kazi ya siku chache tu, kukata kipande chenye kichwa na kukifunga.

Hapo ndipo alipofika mkubwa mmoja kutoka makao makuu, jina lake nitalistahi, akasema gari linahitajika kwingine na sote tuondoke. Tutarudi mwezi ujao. Na shimo tusilifukie, maana kuna wageni wa heshima wangependa kupiga picha.

"Bwana mkubwa," Mzee Nyawa akamwambia, kofia mkononi, "tukifukia leo, tukirudi tutafukua. Hasara yake ni nini?"

"Muda, mzee. Na ni mwezi mmoja tu."

"Mwezi wa nani?"

Mkubwa akacheka, akadhani ni mzaha. Tukapanda gari. Mzee Nyawa alibaki amesimama juu ya ukingo, hakutupungia mkono.

Mwezi ule haujaandama hadi leo. Kwanza gari liliharibika. Kisha tukaambiwa fungu la safari halipo. Kisha mkubwa akahamishwa, na aliyemfuata alipenda vyungu vya kale, mawe hakutaka hata kuyaona. Mimi nikaingizwa ndani, nikapewa lenzi na sindano. Katika ile droo, mbele ya shingo ya mjusi, nilikata sponji nikaacha nafasi ya kichwa. Ninyi nyote mliowahi kuniomba muiweke hapo mikoba yenu ya kome na meno ya papa, mnakumbuka nilivyowajibu. Mmoja wenu nilimtoa machozi, naye ataniwia radhi. Kila mwaka niliomba safari ya Kwa Samaki, na kila mwaka niliambiwa mawe hayana haraka.

Mzee Nyawa alistaafu akabaki kwao. Nilisikia kwamba alikuwa akienda korongoni na karai lake, peke yake, akimwaga udongo juu ya tabaka, na mvua ikija inauzoa. Mara kwa mara madereva wa malori waliopita Mackinnon Road waliniletea salamu zake. Zilikuwa zile zile: "Mwambieni Mwanatumu huku pako uchi." Halafu salamu zikakoma, na iliyofuata ilikuwa habari ya msiba.

Nilikwenda matangani kwa nauli yangu. Baada ya maziko nilimwomba mwanawe mkubwa anipeleke korongoni. Tulianza kusikia nyundo kabla hatujafika. Ilikuwa timbo, watu wanavunja mawe bapa ya kujengea, yale ambayo mafundi huyaita mazeras, kwa jina la mji yanakochimbwa, hata yakitoka kwingineko. Tabaka letu halikuwapo. Lilikuwa limeng'olewa lote, ukuta kwa ukuta, wakabakiza shimo lenye maji ya kijani na mbuzi wanakunywa. Msimamizi wa timbo alikuwa mtu mpole, akanikaribisha kivulini, akanipa maji.

"Mama, mahali hapa tulipewa na Mungu," akaniambia. "Timbo jingine unamaliza miezi unaondoa udongo ndipo uone jiwe. Hapa tulikuta pamefagiliwa. Kazi yetu ilikuwa kung'oa tu."

Nikamwuliza mawe yalikwenda wapi. Akaniambia Diani, Galu, Mwabungo, kote kunakojengwa hoteli na nyumba za wageni. Nilimshukuru kwa maji. Nilipofika barabarani nililia, na mwana wa Mzee Nyawa akasema baba yake angefarijika kuona jinsi nilivyompenda. Sikumsahihisha, kwani hilo nalo lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama chini. Katika harusi nilitazama sakafu, wenyewe wakaniuliza kama nimeangusha kipuli. Niliingia katika bustani za hoteli za Diani nikijifanya nimepotea, walinzi wakanitoa kwa adabu, wengine bila adabu. Niliona samaki wanne kwa miaka yote hiyo, mmoja wao mlangoni mwa duka la simu Ukunda, amesuguliwa na viatu mpaka amebaki kivuli. Kichwa sikukiona. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba wanawake wenzangu humfuatilia mume na mimi namfuatilia mjusi.

Mkanistaafisha. Keki ilikuwa nzuri, hotuba zilikuwa ndefu, na zawadi yenu ndiyo iliyonigusa, ile nakala ya plasta ya mjusi asiye na kichwa, mliyoitengeneza kwa siri mpaka na ufa wa shingoni. Niliitundika sebuleni. Wajukuu wanaiogopa.

Siku chache baadaye nilialikwa akika ya mtoto wa jamaa, katika nyumba ya wageni huko Mwabungo. Wanawake walikuwa upande wa kidimbwi cha kuogelea, nami nikakaa karibu na ngazi za kushukia majini, nikitazama chini kama kawaida yangu. Jiwe la ngazi ya juu lilikuwa limelazwa hivi kwamba ubavu wake unaonekana. Ubavu ulikuwa umenyooka, na mshipa wa kutu ukiukata kwa mshazari. Katikati palikuwa na vitundu vidogo, kimoja kikubwa na viwili vya kando, mahali ambapo uti wa shingo ulipitia.

Sikula pilau siku hiyo. Kesho yake nilirudi na nakala yenu nimeifunga kwa leso, nikapiga magoti mbele ya wafanyakazi wawili waliokuwa wakisafisha maji, nikaisogeza ubavuni mwa ngazi. Ilikaa. Kila jino la ufa liliingia mahali pake, kutu kwa kutu. Niliweka paji la uso juu ya jiwe, na wale wafanyakazi wakadhani naswali bila udhu.

Mwenye nyumba, mama mmoja aliyehamia kutoka bara, alinisikiliza mpaka mwisho. Mungu amlipe. Alisema jiwe nichukue, ila kesho wageni wanafika, kwa hiyo litolewe leo na jingine lilazwe leo. Akamwita fundi wake, Barasa, yule yule aliyejenga kidimbwi.

"Fundi, jiwe hili ulilikuta na alama yoyote?" nikamwuliza.

"Ehe, mathe, hilo nakumbuka. Upande mmoja lilikuwa na mashimo-mashimo. Yenye mashimo sisi hulaza chini, simiti inashika vizuri. Juu tunaweka upande msafi."

Kwa hiyo alikuwa pale, amelala kifudifudi katika saruji, na watoto wa wageni wakipita mgongoni mwake wakitota maji. Ningeweza kuwapigia simu ninyi. Nilitaka niwaletee mwenyewe, niingie na kichwa hicho mlangoni.

Barasa alikuwa fundi hasa, sitaki mtu amdhanie vingine. Alikata saruji pembezoni kwa subira, akaingiza mitaimbo miwili, akaliinua jiwe zima bila kulipasua. Nikaligeuza. Chini lilikuwa laini tupu. Nikatazama pale lilipotoka, nikaelewa. Jiwe lilikuwa limefanya kama lilivyofunzwa, limefunguka kwenye tabaka. Ngozi yake ya chini ilibaki imeganda kwenye saruji, nayo ngozi ile ilikuwa imebanduka sehemu ya kati, na saruji iliyokuwa imejaza uvungu ikabaki imetokeza peke yake.

Nilimwona. Naandika kwa mkono huu kwamba nilimwona. Kichwa kirefu kama cha kenge, pua nyembamba, tundu la jicho kubwa kuliko tulivyowahi kukisia, na ukingo wa taya umepangwa vijino vyembamba vya kukamatia samaki. Saruji ya fundi ilikuwa imefanya kazi ambayo mimi ningeifanya kwa mpira, na imeifanya vizuri. Kilikuwa kimetokeza kiasi cha kiganja changu. Nilisema "Bismillahi".

Vijino vile vilikuwa vimeanza kulegea. Nilihitaji gundi yangu ya kuimarishia, brashi laini, na simu ya kupigia picha, na vyote vilikuwa katika mkoba niliouacha barazani. Nikamwambia Barasa, "Fundi, ningoje hapo hapo," nikaenda. Magoti yangu mnayajua. Barazani mwenye nyumba akanisimamisha kuniuliza kama nitakunywa chai, nikamjibu baadaye, nikachukua mkoba nikarudi.

Barasa alikuwa amechuchumaa, anafagia. Mahali pale palikuwa sawa, pamelowa maji, tayari kwa saruji mpya. Nyundo na patasi vilikuwa kando yake.

"Nimekutengenezea, mathe," akasema, uso umemchangamka. "Kulikuwa na kinundu hapo katikati. Ningelaza jiwe jipya juu yake lingecheza, mtu aanguke. Nimekisawazisha."

Mtu akilaza mawe maisha yake yote, kinundu ni adui. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Alinipa mkono nisiteleze kwenye maji.

"Ahsante, fundi," nikasema.

Nilikusanya unga wote na vipande kwa leso yangu. Nyumbani niliuchekecha kwa chujio la chai, siku baada ya siku, chini ya lenzi. Ni saruji na mchanga. Barasa huponda vizuri.

Hakuna picha. Hakuna mtu mwingine aliyemwona, na ushahidi wa bibi mmoja mstaafu hauandikwi kwenye lebo. Ningewapa nasaha mfukie mashimo yenu, lakini mna wakubwa wenu, nao wana miezi yao. Basi nimalizie na jambo lililo katika uwezo wangu. Ile nafasi ndani ya droo, niliyowanyima miaka yote hiyo, iko wazi. Wekeni humo kome zenu.